Duka la kujaza maji huku pwani ya mashariki ya Unguja, Zanzibar: maji matamu, ila chumvi inakwenda wapi?

Asalaam alaykum wapendwa. Mwaka na mwezi mmoja sasa nnanunua maji ya kunywa pale kwenye duka la kujaza madumu, lile banda la matofali lenye bati la buluu ukishaipita skuli, na kwa vile kila ninaekutana nae huku pwani ananiuliza "mwalimu, yale maji yako vipi, yananyweka?" nimeona bora niandike mara moja kila mtu asome. Jina la duka siliweki. Nna malalamiko na sitaki kuwaharibia biashara yao, na watu wa huku wote mnalijua.

Jibu fupi ni kwamba yananyweka, tena sana.

Jibu refu linataka kwanza mjue tunakunywa nini sie wengine. Huku kwetu ni maweni, chini ni mawe ya matumbawe matupu, mto hatuna, maji yetu yote ni ya kisimani na mfereji wa mtaa, yaani bomba la maji, unatoa siku mbili kwa wiki tena usiku. Kisima cha nyumbani kwangu kina chumvi. Si chumvi ya bahari kwamba huwezi kumeza, hapana, ni ile chumvi ya kati inayokuudhi kila siku kidogo kidogo: chai ya rangi haina ladha ya chai, maharage unayapika toka asubuhi mpaka adhuhuri bado magumu, sabuni haitoi povu, birika ndani limefanya ukoko mweupe kama chokaa, kanzu nyeupe ya mwenyewe baada ya mwezi inageuka rangi. Bibi yangu marehemu alikuwa anasema zamani kisima hichohicho wakikipikia uji wa watoto. Kwa hiyo chumvi hii si ya asili ya kisima, imekuja, na nitarudi hapo kwa sababu ndo sababu kubwa ya mimi kuandika maneno mengi kuliko watu wanavyoandika kuhusu duka la maji.

Duka lenyewe. Kuna kisima chao nyuma, pampu inapandisha maji kwenye tangi jeusi la lita 5,000, yakitoka pale yanapita kwenye chujio la mchanga, kisha la makaa, halafu ndo yanaingia kwenye mashine. Ndani ya mashine kuna mabomba meupe manene matatu na ndani yake mna membreni, yaani utando wenye vitundu vidogo mno ambavyo maji yanapita na chumvi haipiti, lakini hayapiti kwa hiari yake, pampu ya pili yenye nguvu inayasukuma kwa lazima na ndo ile inayolia pale mlangoni. Mwisho yanapita kwenye taa ya mionzi ya kuulia vijidudu na yanatoka kwenye mifereji mitatu ya chuma. Dumu la lita 20 ni shilingi 1,000 ukienda mwenyewe, ukiletewa kwa boda ni 1,500. Ukipiga hesabu na maji ya chupa, tofauti ni kubwa mno, na chupa zenyewe tunazikuta zote ufukweni bamvua, yaani maji makubwa ya bahari, likishatoa.

Pako safi. Sakafu inapigwa deki, kijana anaeendesha mashine anavaa glavu, mifereji anaifuta. Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba anakataa dumu chafu. Mwezi wangu wa kwanza wa kununua pale mwanangu mdogo aliumwa tumbo siku tatu na mie nikaenda pale na hasira zangu nikamwambia maji yenu yamemuumiza mtoto, yule kijana hakubishana, akasema "mama naomba lile dumu niliangalie," akamulika kwa tochi ya simu ndani, chini kwenye kona kulikuwa na utelezi wa kijani umeshika kama ukoga wa jiwe la pwani. Lilikuwa dumu langu mie mwenyewe, la mafuta ya kupikia, nilikuwa nalisuuza tu bila kulisugua. Akanioshea kwa maji ya klorini, akanitikisia na changarawe ndani, hakuchukua hata senti. Toka siku hiyo sijapata tatizo. Basi ukienda, dumu lako lioshe kwanza, maana mashine inasafisha maji haisafishi chombo.

Sasa kile kipimo. Kijana ana kipimo kidogo kama kalamu, anakichovya kwenye kikombe na kinaandika namba, ni kiasi cha chumvi na madini yaliyoyeyuka, miligramu kwa lita. Siku ya mwanzo, Februari mwaka jana, aliniwekea vikombe viwili juu ya meza. Cha kisima chake kikaandika 1,870. Cha maji yaliyochujwa kikaandika 58. Nikamletea na ya kwangu ya nyumbani kwenye chupa, 2,310, na ilikuwa kipindi cha kaskazi, jua kali, mvua hakuna. Nilipopima tena mwezi wa tano baada ya masika yalishuka mpaka 1,420. Ili mjue maana ya namba hizo, Shirika la Afya Duniani linasema chini ya 600 ladha ya maji huwa nzuri na ikishapita 1,000 yanaanza kumkataa mnywaji. Maji ya bahari ni kama 35,000.

Watu wengi wanaona ile namba 58 wanaridhika moja kwa moja, na hapa naomba mnisikilize. Kile kipimo hakioni vijidudu. Hakioni na sumu inayokuwa kidogo kidogo. Bangladesh miaka ya 1970 watu walikuwa wanakunywa maji ya mabwawa na watoto wanakufa kwa kuharisha, wakachimbiwa visima vya bomba kwa mamilioni, maji yakatoka meupe matamu, na ikaja kugundulika baadae kwamba ardhini kule kuna aseniki ya asili, mamilioni ya watu walikuwa wanakunywa sumu isiyokuwa na rangi wala harufu. Na usiseme ni nchi masikini tu, mji wa Flint kule Marekani mwaka 2014 walibadilisha chanzo cha maji wakaanza kutumia ya mto, maji yale hayakutiwa dawa ya kuzuia kutu, yakala mabomba ya zamani na risasi, ile madini yenye sumu, ikaingia kwenye maji ya majumbani, watoto wakakutwa na risasi kwenye damu. Ungechovya kalamu ile kwenye maji yao ingekupa namba nzuri tu. Kwa hiyo lalamiko langu la kwanza kwa duka: nataka kuona karatasi ya maabara, imebandikwa ukutani, yenye tarehe, ya vijidudu na ya naitreti (kemikali inayoingia majini kutoka vyooni na kwenye mbolea) angalau mara mbili kwa mwaka. Nimewaomba mara tatu. Mara ya tatu waliniletea karatasi moja, ya wakati wanafungua, na hawajapima tena. Membreni ikiwa nzima inazuia mambo mengi, nakubali, lakini membreni inachakaa na taa inakufa na mtu hajui mpaka apime.

Kwa nini nasema vijidudu na naitreti hasa? Angalia tulivyojenga. Mawe yetu ya matumbawe yana matundu na mianya, maji yanapita chini kwa chini haraka, hayachujwi na udongo kama sehemu zenye udongo mwingi. Na sie kila nyumba ina karo la choo, karo nyingi hazina sakafu chini, shimo tu limejengwa kuta, na hatua kumi na tano kutoka hapo kuna kisima, cha kwako au cha jirani. Mvua ya masika ikipiga kila kitu kinashuka. Mwaka 2016 kipindupindu kilivyopiga Zanzibar skuli zilifungwa, mie nilikuwa nyumbani nasahihisha madaftari na kila jioni tunaulizana nani tena kapelekwa kambini. Hili la kumwaga uchafu kwenye maji ya kunywa ni la dunia nzima, ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2017 ilisema zaidi ya asilimia 80 ya maji machafu duniani yanarudi kwenye mito, ardhi na bahari bila kusafishwa. Asilimia themanini! London yenyewe mwaka 1854 watu walikufa kwa mamia kwa pampu moja ya mtaani iliyokuwa karibu na shimo la uchafu, daktari John Snow akachora ramani ya nyumba za wafu na akaona karibu zote zinazunguka pampu hiyohiyo. Kisima na shimo la choo, basi, hadithi ile ile.

Nirudi dukani. Mwezi wa nane niliwachukua wanafunzi wangu wa kidato cha tatu tukaenda kuiona mashine, maana mada ya maji kwenye jografia ukiifundisha ubaoni hawaisikii. Kabla ya kuondoka skuli nilinunua dumu moja la lita 20 pale pale nikawaambia chukueni hili ndo maji yote ya dunia. Nikamimina nusu lita kwenye chupa ndogo, nikawaambia haya ndo maji baridi yote, yaani yasiyo na chumvi, yaliobaki dumuni yote ni chumvi. Halafu kwenye ile nusu lita nikatoa zaidi ya nusu yake nikaweka pembeni, hiyo ni barafu ya ncha za dunia na milima mirefu, hatuifikii. Ikabaki ya kujaza vikombe vitatu vya kahawa, vile vidogo vya barazani, hayo ni maji ya chini ya ardhi. Na maji ya maziwa yote na mito yote, Victoria na Tanganyika na Naili na Amazoni, nikayatia kwenye kijiko cha chai, ikawa kama robo ya kijiko tu. Darasa likanyamaza. Kuna kijana mmoja huwa hasemi kitu darasani akauliza, "mwalimu, na sisi tupo kwenye kikombe gani?" Nikamwambia sisi tupo kwenye kikombe cha kahawa, hatuna hata kijiko.

Tulivyofika dukani kijana wa mashine akawaeleza vizuri kabisa, ana subira, na msichana mmoja wa nyuma ndo akauliza lile swali ambalo mie mtu mzima nilikunywa maji yale miezi sita sikuuliza. "Kaka, kama chumvi imetolewa, inakwenda wapi?"

Kijana akatuzungusha nyuma ya banda. Kuna bomba la plastiki jeusi linatoka ukutani linatembea juu ya mawe mpaka kwenye shimo, shimo la mawe limefunikwa na bati kuukuu, na maji yanaingia mle muda wote mashine ikiwaka. Akachovya kipimo. Siku hiyo kisima kilikuwa 1,610 na maji ya bomba lile yakaandika 2,640. Akatwambia ukweli bila kuficha kwamba kila akijaza dumu moja la lita 20 kuna lita 30 zinakwenda shimoni. Nikapima kwa miguu kutoka shimo mpaka kisima chao: hatua kumi na mbili. Yaani mashine inavuta maji ya kisima, inatuuzia sie matamu, na inarudisha yenye chumvi zaidi kwenye mawe yale yale yenye matundu, hatua kumi na mbili tu, ambayo ndo njia ya kurudi kisimani.

Hilo ndo lalamiko langu la pili, na ni kubwa, na ndo limenifanya nisitoe nyota tano.

Niwaeleze kwa nini ni kubwa. Chini ya kisiwa chetu maji baridi yamekaa juu ya maji ya bahari, kama mafuta yanavyokaa juu ya mchuzi, kwa sababu maji baridi ni mepesi. Wanaosoma mambo ya maji ya ardhini wana kanuni yao wanaiita ya Ghyben na Herzberg, ni majina ya waliyoigundua, inasema kwa kukadiria kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari imebeba kama mita 40 za maji baridi chini yake. Sasa igeuze. Ukivuta maji mpaka ukashusha mita moja juu, chumvi chini haipandi mita moja, kadiri muda unavyokwenda inapanda kama arubaini. Kwa hiyo kila pampu kubwa inayovuta usiku kucha hapa pwani inaita bahari ije. Kisima cha bibi kiliingia chumvi hivyo, hakikurogwa na wala hakikukosewa kuchimbwa.

Na nani anavuta? Sote. Mwaka 2012 sensa ilituhesabu Zanzibar watu 1,303,569 na mwaka 2022 tukawa 1,889,773, ndani ya miaka kumi, na mvua haijaongezeka, tena inakuja ovyo, vuli mwaka mwengine haipo na mwaka mwengine inashuka yote wiki mbili ikabeba taka ikaingia nazo visimani. Hizo ni sababu za watu wote. Lakini kuna na wanaovuta zaidi, sitamtaja yeyote kwa jina, ila hapa pwani kuna bustani za majani mabichi na mabwawa ya kuogelea mita mia mbili kutoka kwenye mfereji ambao akina mama wanapanga ndoo saa nane usiku. Shirika moja la Uingereza, Tourism Concern, lilitoa ripoti mwaka 2012 iliyochunguza vijiji vyetu vya pwani, Nungwi, Kiwengwa na Jambiani, ikakuta mgeni kwa wastani anatumia maji mara 16 kuliko mwenyeji. Mara kumi na sita. Sisemi wageni wasije, mume wangu mwenyewe anaishi kwa kazi ya wageni, nasema mtu anaevuta mara kumi na sita asafishe maji ya bahari au avune ya mvua kwenye mapaa yake makubwa, asiteremshe bomba refu kuliko langu kwenye kikombe hichohicho.

Wanafunzi walipoona lile shimo wakaanza kulaumu kijana wa watu na hapo ikabidi niwasimamishe, maana ukimlaumu mtu mmoja mwenye banda unasahau ukubwa wa jambo. Nikamwambia mmoja akunjue ukosi wa fulana yake asome, ni ya pamba. Fulana moja ya pamba inakadiriwa imekunywa lita 2,700 za maji mpaka ikafika dukani. Nikawaambia habari ya bahari ya Aral kule Asia ya kati, ilikuwa miongoni mwa maziwa makubwa manne ya dunia, miaka ya 1960 serikali ya Kisovieti ikageuza mito yake miwili, Amu Darya na Syr Darya, ikamwagilia mashamba ya pamba, na ziwa likakauka sehemu kubwa, bandari zimebaki jangwani, meli za wavuvi zimelala juu ya mchanga, na upepo unapeperusha chumvi na dawa za mashamba zilizobaki chini mpaka kwenye vifua vya watu. Watoto wa wavuvi wa pwani hii, ukiwaambia meli imelala mchangani na bahari hairudi tena na bamvua, wanaelewa haraka kuliko kitabu. Kilimo ndo mvutaji mkubwa wa dunia, asilimia 70 ya maji baridi yanayovutwa yanakwenda shamba. Kilo ya mchele inataka kama lita 2,500. Sie wala wali tunahusika.

Na kuvuta kuliko kinachoingia kuna sura nyingi. Jakarta wamevuta maji ya chini mpaka mji unazama na bahari inaingia mitaani, Indonesia imeamua kujenga mji mkuu mwengine. Cape Town mwaka 2018 ukame wa miaka mitatu mfululizo uliwafikisha mahali kila mtu anaambiwa atumie lita 50 kwa siku na wanahesabu siku iliyobaki mifereji ifungwe. Lita 50! Mmoja wa wanafunzi akasema "mwalimu, nyumbani tukipata lita hamsini kila mtu tunafanya sherehe," na wenzake hawakucheka, walitikisa vichwa.

Basi, tuendelee na duka, nimekwenda mbali.

Umeme. Ukikatika hakuna maji, kwa sababu pampu ya kusukuma kwenye membreni inakula umeme kweli kweli, na hawana jenereta. Sie tuliokuwepo mwaka 2008 waya wa chini ya bahari ulipokufa tukakaa karibu mwezi mzima bila umeme Unguja nzima, na tena mwisho wa 2009 miezi mitatu, tunajua umeme ukiondoka na maji yanaondoka. Kwa hiyo weka akiba ya dumu moja zaidi nyumbani. Mwezi wa Ramadhani ndo usiseme, foleni inaanza baada ya alasiri kila mtu anataka maji ya futari na sharubati, mwaka jana nilisimama saa nzima na robo, na kuna watu wanaleta madumu kumi kwa gari la punda wanaziba mifereji yote mitatu. Wangeweka mfereji mmoja kwa mwenye dumu moja tu. Nimewaambia, wamesema inshaallah.

Ladha: ni mepesi sana, wazee wengine wanasema hayana ladha, "kama maji ya mvua", na ni kweli kwa sababu madini karibu yote yametoka. Kwa chai ni mazuri kupita kiasi. Chai ya mchaichai niliyoipika wiki ya kwanza mama mkwe alikunywa vikombe viwili akauliza nimebadilisha majani. Maharage yanaiva nusu ya muda, mkaa unaookoa hapo peke yake unalipa nusu ya bei ya dumu. Mie nayatumia kwa kunywa, chai, uji na kupikia maharage tu. Kuoshea na kufulia tunaendelea na ya kisima.

Sasa kuhusu lile shimo. Baada ya ziara tulikaa na kijana na mwenye duka, mzee mstaarabu, alitusikiliza. Nilimwambia maji yale yanayotupwa ni 2,640, kwa bahari ya 35,000 hayo ni karibu matamu, yakipelekwa baharini hayadhuru kitu, lakini kwa kisima ni dhara. Akasema "mwalimu, kutoka hapa mpaka ufukweni ni mita mia tatu, bomba na kuchimba njia kwenye jiwe ni pesa ambayo banda hili haliingizi kwa mwaka." Hakunidanganya, niliuliza bei za bomba mwenyewe. Na hapo ndo napata uchungu, kwamba mtu mdogo anaetuuzia dumu kwa elfu moja hana uwezo wa kufanya sawa, na mkubwa mwenye uwezo hajaulizwa. Sheha, kiongozi wa mtaa wetu, kaahidi kulipeleka kwenye kikao.

Kwa sasa wamefanya jambo moja zuri. Wameweka mapipa mawili ya buluu nyuma, maji yale ya chumvi yanajaa humo kwanza kabla ya kwenda shimoni, na mtu yeyote anachota bure kwa kumwagia chooni na kupiga deki. Skuli yetu inachukua ndoo ishirini na tano kila asubuhi kwa vyoo vya wanafunzi, wanazibeba wenyewe wa kidato cha tatu, yule msichana aliyeuliza ndo anasimamia zamu. Ukizingatia kuwa vyoo vya skuli siku za nyuma vilikuwa vinafungwa kwa kukosa maji, hili si dogo. Lakini mapipa yanajaa saa nne asubuhi na baada ya hapo bomba linarudi shimoni mpaka magharibi.

Maksi zangu: maji yenyewe nyota tano. Usafi tano. Kijana tano, Mungu ampe umri. Foleni mbili. Karatasi ya maabara mbili mpaka waniletee mpya. Maji yanayotupwa moja na nusu, hiyo nusu ni ya mapipa. Kwa jumla nawapa nyota tatu na nusu, nami bado ni mteja, na nnawaambia nyote nunueni pale badala ya chupa.

Wanafungua saa moja asubuhi mpaka magharibi, Ijumaa wanafunga saa sita wanarudi saa nane na nusu. Nenda na mfuniko wa dumu unaobana, wa kwao wanauza mia mbili. Wazee na waja wazito wanapitishwa mbele bila maneno.

Na kijana ameanza kuandika namba ya kisima kwa chaki mlangoni kila Jumamosi, nilimuomba mie. Februari mwaka jana ilikuwa 1,870. Februari hii, kaskazi ile ile, jua lile lile, imeandikwa 1,960.